“Kidogo tu” ni dakika ngapi?



Ninataka kuwaelezea jambo dogo lililotokea katika nyumba yangu, hapa Kolwezi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tena ni mwalimu wa watoto wadogo, wale wa miaka 3 mpaka 5. Bwana yangu ni mfanyakazi wa mgodi. Ninyi mnaokaa katika kartie za wafanyakazi mnajua maisha ya posti: juma hili baba anafanya mchana, juma lingine anafanya usiku. Akitoka posti ya usiku analala mchana, na watoto wanapaswa kunyamaza.

Binti yetu wa mwisho alikuwa na miaka 4. Siku moja baba yake alilala, na mtoto alitaka kumwonyesha picha aliyochora. Nikamwambia: “Ngoja, mama. Baba ataamuka sasa hivi, kidogo tu.” Akaenda, akarudi. “Mama, kidogo tu ilisha kwisha?” Nikasema bado. Akarudi tena, na tena. Mimi nilikuwa ninasonga bukari, moshi machoni, na kila mara nilijibu vilevile: kidogo tu. Kumbe baba yake alibakiza saa tatu nzima za kulala. Mara ya sita mtoto hakuuliza tena. Aliniangalia, akasema polepole: “Mama, uko na bongo.”

Nilitaka kumkaripia. Mtoto hamwambii mama yake kwamba ni mwongo. Lakini mkono wangu ulisimama ndani ya sufuria, kwa sababu nilijua alisema kweli. Kila asubuhi katika darasa ninawafundisha watoto wa wengine wasiseme uongo. Na huyu wangu alijifunza uongo kwangu mimi, kidogo kidogo, kwa “kidogo tu” yangu.

Tangu siku ile nilianza kutafuta namna ya kumwonyesha mtoto wakati. Sisemi kumfundisha kusoma saa. Mtoto wa miaka 4 hawezi kusoma saa ya ukutani; mishale miwili ile inamchanganya, na wengi wanaijua vizuri wakiwa wamekwisha kuanza masomo ya msingi. Mtaalamu mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, alitoa kitabu mwaka 1946 juu ya namna mtoto anavyopata fikra ya wakati. Aliwaonyesha watoto vitu viwili vinavyoanza kutembea pamoja na kusimama pamoja, lakini kimoja kinafika mbali kuliko kingine. Wadogo walisema kwamba kile kilichofika mbali kilitembea wakati mrefu zaidi. Maana yake, mtoto mdogo anapima wakati kwa kitu anachokiona kwa macho. Ukimwambia “dakika kumi”, hajaona kitu.

Mimi mwenyewe nilikomaa katika kambi ya wafanyakazi, na wakati wetu ulikuwa sireni ya kazi. Ikilia, baba wanatoka. Ikilia tena, wanarudi. Ilitusaidia kujua kwamba saa imefika, lakini haikutuonyesha kamwe kwamba saa inakaribia. Ilitushitusha tu. Watoto wetu wengi wanaishi hivi mpaka leo: mchezo unaendelea, kisha ghafula sauti ya mama, “Basi! Kuja kuoga!” Halafu tunashangaa kwa nini wanalia.

Jambo la kwanza nililojaribu ni telefone. Ina saa ya kuhesabu dakika, na haiombi makuta. Lakini mtoto hakuangalia wakati, aliangalia telefone. Alitaka michezo na picha zilizomo. Na siku umeme ulipokatika tangu asubuhi, telefone ilizimika na ahadi yangu ikazimika nayo. Nikaiacha.

Kisha nilipata saa ya jikoni, ile unayozungusha kwa mkono na inalia mwishoni. Ni nzuri kwa kupika mayai. Lakini inafanya “ta-ta-ta” wakati wote, na baba alikuwa amelala. Mwishoni inalia kama sireni ya zamani. Mtoto aliziba masikio. Tena namba zake ni ndogo, hazimwambii kitu.

Ndugu mmoja aliyetoka safarini alituletea ya tatu. Ni saa yenye uso mweupe na rangi nyekundu. Ukivuta rangi mpaka kwenye dakika unazotaka, ile nyekundu inajaa kama kipande cha keki. Halafu inapungua yenyewe, kimya, mpaka inaisha. Historia yake ilinigusa. Mwaka 1994, katika mji wa Cincinnati, Marekani, mama mmoja anayeitwa Jan Rogers alikuwa na binti wa miaka 4 aliyemwuliza kila mara: bado muda gani? Ndipo akatengeneza saa ya namna hii. Kumbe mama wa mbali vile alikuwa na shida yangu ileile!

Binti yangu aliielewa siku ya kwanza. Aliweka kidole juu ya nyekundu, akasema: “Hii njo kidogo tu?” Nikamjibu: ndiyo, hii njo kidogo tu.

Sasa ninyi mtasema: mama mwalimu, sisi hatuna ndugu wa safari. Ni kweli. Saa ile dukani inaweza kuwa na bei ya mfuko wa unga, na mfuko wa unga ni chakula cha nyumba. Njo maana kwa darasa letu nilitengeneza nyingine kwa mikono yangu, kwa mfano wa saa ya mchanga ya zamani. Twaeni chupa mbili za plastiki za nusu litri, zilizokauka kabisa. Gandisheni vifuniko vyake viwili, mgongo kwa mgongo, kwa gundi nzuri. Toboeni tundu moja katikati kwa musumari wa moto. Jazeni chupa moja chumvi laini, fungeni ya pili juu yake, pindueni, na pimeni kwa saa ya mkono. Ikipita dakika 5, punguzeni chumvi, ikipungua, ongezeni. Chumvi ikikwama, tundu ni dogo ao chumvi ina maji. Katika majira ya mvua mimi ninaikaanga kwanza juu ya babula, ninaiacha ipoe, ndipo ninaitia. Kitu kikavu kama chumvi ao mchanga kinashuka kwa mwendo uleule tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho. Maji sivyo: yakipungua ndani ya chupa, yanatoka polepole zaidi.

Kwa nini chumvi, na mchanga umejaa pahali pote? Hapa ninaomba wazazi wa migodi wanisikilize vizuri. Mchanga wetu si mchanga tu. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wao: watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, watoto pia, walikuwa na kobalti nyingi sana katika mkojo. Chupa inaweza kupasuka, na mtoto mdogo anatia mikono kinywani. Basi msichote udongo wa remblai wala mchanga wa mto unaopita karibu na kiwanda. Chumvi ya kula inatosha.

Na wanaonunua saa ya betri waangalie betri yenyewe. Ile ndogo ya mviringo kama kifungo ni hatari kubwa. Mtoto akiimeza inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Chagueni saa ambayo pahali pa betri panafungwa kwa visi. Kama mnafikiri mtoto ameimeza, kimbieni hospitali palepale, hata kama halii.

Sasa nitaungama kosa langu. Nilipoona saa nyekundu inafaa nyumbani, niliipeleka pia darasani. Tulikuwa na watoto zaidi ya 40, na mimi nilifikiri nimepata fimbo mpya. Niliiweka juu ya meza, nikasema: “Nyekundu ikiisha na hujamaliza kuchora, hutatoka kucheza.” Wengi walichora haraka haraka, vibaya. Mvulana mmoja wa miaka 4 hakuchora kabisa. Alishika kalamu, akakaza macho kwenye nyekundu inayopungua, hakupepesa. Ilipoisha, alikuwa amejikojolea pale pale kitini.

Kesho yake mama yake alinifuata mlangoni. Hakunitukana. Alisema tu: “Mama mwalimu, mutoto anaogopa ile saa yako. Usiku analia.” Nilimwomba radhi, yeye na mtoto. Nilirudisha saa nyumbani kwa majuma mawili ili nifikiri.

Niliporudi nayo, nilianza upya. Kwanza niliitumia kwa mambo ya furaha tu: dakika za kucheza inje, dakika za kungojea hadithi, zamu ya kila mmoja kwa mpira. Yule mvulana nilimpa kazi ya kupindua chupa ya chumvi. Mkono ulioipindua haukuiogopa tena. Kisha niliacha kusema “hujamaliza, utaadhibiwa”. Sasa ninasema: “Angalieni, inabakia kidogo, tafuteni pahali pazuri pa kusimamisha kazi.” Asiyemaliza anaweka karatasi yake katika sanduku, ataendelea kesho. Nilitambua pia kwamba saa ya dakika 60 haifai kwa kazi ya dakika 5, kwa sababu nyekundu inakuwa nyembamba kama ukucha, na aliye nyuma haioni. Kuna za dakika 5 na za dakika 20, tena kuna kubwa za dakika 120. Kwa darasa, chagua yenye uso mkubwa na dakika chache.

Na kwa usingizi wa baba, ambao ni saa nyingi? Pale hakuna nyekundu inayotosha. Tulichora karatasi nne: kuoga, kucheza, kula, baba anaamuka. Kila jambo likiisha, mtoto anageuza karatasi moja. Karatasi ya mwisho ikibaki, ndipo tunaleta saa nyekundu. Tangu hapo hakugonga tena mlango wa chumba cha baba yake.

Mbele ya kununua ao kutengeneza saa kwa watoto, ndugu wazazi, jiulizeni haya:

1. Je, mtoto anaona wakati unapungua, ao anaona namba tu?
2. Je, inafanya kazi kimya, na mwisho wake haushitushi?
3. Je, inafanya kazi hata umeme ukikatika?
4. Je, mtoto anaweza kuishika bila hatari: kioo, betri, mchanga?
5. Je, dakika zake zinalingana na umri wake? Kwa wangu wa miaka 3 nilianza na dakika 2 ao 3. Kwa wa miaka 5, dakika 10 zilitosha.
6. Je, mimi mkubwa nitaitii?

Swali la sita ndilo gumu. Jioni moja baba alikuwa anajitayarisha kwa posti ya usiku. Desturi yetu sasa ni hii: mbele bisi ya kazi haijafika, binti yetu anavuta nyekundu mpaka dakika 20, na dakika zile ni zake na baba yake. Zamani alilia kila siku baba akitoka. Sasa nyekundu ikiisha, yeye mwenyewe anamletea baba kofia yake ya kazi.

Jioni ile jirani alikuja, na mimi nilikuwa nimemwahidi mtoto kwamba baada ya baba kuondoka nitazungumza na jirani dakika 10, kisha tutasoma. Mazungumzo yalikuwa matamu, ya ndoa ya mtu fulani. Mtoto alikuja na saa mkononi. “Mama, nyekundu ilisha kwisha.” Nikafungua kinywa. Neno lilikuwa tayari juu ya ulimi: kidogo tu.

Jirani alicheka, akasema: “Umuambie angoje, ni mutoto.”

Niliangalia ile saa nyeupe kabisa. Nikasimama, nikamwaga jirani, nikaenda kusoma.

Binti yangu leo anajua kusoma saa ya mishale, na saa nyekundu imekwenda kwa mtoto wa dada yangu, Likasi. Lakini akiniuliza “Mama, utarudi lini sokoni?”, bado ninafikiri kwanza mbele ya kujibu.