Kathmandu Walivyoikataa Saruji

Hapa Doha nimefanya kazi na Wanepali miaka sita, tunakula pamoja na kufunguliana siri za nyumbani. Kwa hiyo likizo iliyopita sikwenda nyumbani Unguja moja kwa moja. Nilipitia Kathmandu kwanza, saa nne na nusu kwa ndege, nikiwa na namba ya simu ya mtembeza wageni niliyopewa na mwenzangu wa kazini. "Mwite dai," akaniusia, yaani kaka, "hata kama hamjapishana sana umri."

Dai alinipitia alfajiri tukaanza na Swayambhu, mlima mdogo wenye ngazi 365 na nyani wasioogopa mtu. Juu kuna stupa ya Wabuddha, kuba jeupe, na juu yake macho ya Buddha yanatazama pande zote nne. Hatua chache pembeni kuna hekalu dogo la Harati. Wenyeji humwita Ajima, maana yake bibi, nao huamini ndiye aliyekuwa akiwakinga watoto na ndui. Akina mama walikuwa kwenye foleni, sinia za maua na mchele mkononi, Wahindu kwa Wabuddha. Nikamwuliza dai nani ni nani. Akaniambia yeye mwenyewe kawatazama na hawezi kuwatenganisha, wala hajawahi kuona haja ya kuwatenganisha.

Mimi nimelelewa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, na hekalu la Mabaniani liko hapo Hurumzi, mwendo wa dakika chache. Kengele zake nilizisikia utoto wangu wote. Sikuwahi kumwuliza mtu zinalia kwa nini. Ilibidi nifike Nepali ndipo niulize.

Kutoka Swayambhu tuliteremka mjini hadi Kasthamandap, banda kubwa la mbao ambalo ndilo lililoupa mji jina lake. Tarehe 25 Aprili 2015, siku ya tetemeko lililoua karibu watu 9,000, ndani yake watu walikuwa wakichangia damu. Banda liliwaangukia. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba chini ya kifusi wakakuta msingi wa karne ya 7, na msingi wenyewe ulikuwa bado mzima. Yalizuka mabishano makali juu ya nani ajenge upya na kwa vifaa gani. Wenyeji wakashikilia kwamba kazi isiwe ya zabuni tu, iwe ya mafundi wao na ya mbao kama ilivyokuwa. Leo limesimama. Niliegemea nguzo yake moja, mti mzito uliochongwa kwa mkono, ukiwa bado na harufu ya mbao.

Si mbali na hapo kuna Rani Pokhari, bwawa ambalo mfalme Pratap Malla alilichimbisha mwaka 1670 kumliwaza mkewe aliyefiwa na mtoto. Baada ya tetemeko walianza kulitengeneza kwa zege. Watu wa mji wakaandamana, zege likaondolewa, kazi ikaanza upya kwa matofali na vifaa vya asili, ikakamilika 2020. Dai alinisimulia habari hii kwa muda mrefu kuliko hekalu lolote la siku ile. Alikuwa miongoni mwa walioandamana.

Mchana tukawa Patan. Mahekalu ya Char Narayan na Hari Shankar yalianguka katika tetemeko lile, pale kwenye uwanja wa jumba la kifalme, na siku ile ile watu waliokota vipande vilivyochongwa wakaviweka ndani ya ua wa jumba hilo visiibiwe. Dai akanivuta mkono, akanionyesha mhimili chini ya paa: sanamu ya mungu, mbao nyeusi kwa uzee, lakini sehemu iliyovunjika imepachikwa mbao mpya, nyekundu, imechongwa kufuata mistari ile ile. Hawakuitupa mbao ya kale, wala hawakuificha ile mpya kwa rangi. Nilisimama pale mpaka shingo ikaniuma.

Nikamwuliza pesa za kutunza haya yote miaka nenda miaka rudi zilitoka wapi. Akanijibu: guthi. Mtu au ukoo unatoa shamba, mapato yake yanalipia mafuta ya taa za hekalu, sikukuu, matengenezo ya paa. Kuna na guthi za maziko. Mwenzako akifa lazima ukambebe, usipofika unatozwa faini. Utaratibu huu una zaidi ya miaka 1,500. Juni 2019 serikali ilipopeleka muswada wa kuzibana guthi, maelfu walijaa barabarani na muswada ukaondolewa.

Nilimwambia, dai, hicho unachokieleza kwetu kinaitwa wakfu. Mtu wa Unguja alikuwa akiweka nyumba yake wakfu, kodi inajenga msikiti, inachimba kisima, inamzika maskini. Tuna hata Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Tofauti niliyoiona ni kwamba dai anaijua guthi ya ukoo wake kwa jina, shamba lake na zamu yake. Mimi sijui nyumba ipi mtaani kwetu ni ya wakfu na ipi si ya wakfu. Hilo limenikera tangu siku ile.

Jioni tulikwenda Pashupatinath. Hekalu kuu ni la Wahindu peke yao, kibao kiko mlangoni, na ni haki yao. Tulikaa ng'ambo ya mto Bagmati. Maiti zilikuwa zikichomwa. Dai alinyamaza, nami nikafunika kamera ya simu, kwa kuwa msiba ni msiba.

Kwetu Unguja, watembeza wageni wa Mji Mkongwe ni hodari. Watakuonyesha mlango wa Kihindi wenye upinde na wa Kiarabu ulionyooka juu. Lakini sijasikia anayemwonyesha mgeni ukuta na kumwambia: haya ni mawe ya matumbawe, hii ni chokaa iliyochomwa kwa tanuu, zile ni boriti za mikoko, na fundi aliyeutengeneza yule pale. Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib iliporomoka, watu wawili wakafa. Tulilia. Kisha wengi wetu tukaendelea kupiga plasta ya saruji majumbani.

Nasema wetu kwa sababu ndivyo tulivyoifanya nyumba ya bibi. Ndugu wa Doha na Muscat tulichangishana, tukaona saruji ndiyo imara. Ukuta wa matumbawe hupumua; saruji iliuziba, unyevu na chumvi vikabaki ndani, na ncha za boriti zikaoza pale zinapoingia ukutani. Safari hii niliingiza kidole kwenye boriti moja, kikazama kama kwenye mkate uliolowa.

Ndugu yangu uliye ughaibuni, unayetuma pesa za kutengeneza nyumba ya Mji Mkongwe, ya Lamu au ya Mombasa: kabla hujatuma, mpigie mzee wa nyumbani umwulize fundi wa chokaa ni nani. Bado wapo. Mlipe yeye, na umwombe afanye kazi na kijana mmoja wa mtaani pembeni yake.