Kumngoja Mbwa Mwerevu

Kungoja kitu kinachopendwa ni nusu ya kukipata, na pengine ndiyo nusu iliyo tamu zaidi. Mtu aliyeahidiwa mtoto wa mbwa huhesabu siku. Humfikiri asubuhi na jioni, humpa jina kabla ya kumwona, na moyoni mwake huwa amekwisha kumwonyesha mahali pa kulala, chombo cha maji, na njia watakayoipita pamoja. Katika fikira hizo mbwa hana kosa. Huitwa mara moja akaja, hukatazwa mara moja akakoma. Mbwa ambaye hajafika hatafuni kiatu wala halii usiku.

Ikiwa mbwa anayengojwa ni wa mbegu isifiwayo kwa akili na uchangamfu, fikira hizo huzidi. Mwenye kungoja huamini kuwa akili ya mnyama itampunguzia kazi, kwani mwerevu hujifunza upesi, na ajifunzaye upesi hamchoshi mwalimu. Imani hii wanayo watu wengi, lakini mambo yalivyo ni kinyume chake. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mbwa mwerevu ni mgeni anayelidai jembe mwenyewe, tena siku ya kwanza, na asipopewa hulitafuta. Furaha ya kumngoja, basi, haina budi kupimwa kwa swali moja: ni kazi gani iliyowekwa tayari kwa ajili yake?

Mfano ulio wazi katika jambo hili ni mbwa aitwaye Border Collie. Asili yake ni nchi ya vilima iliyo mpakani mwa Uingereza na Scotland. Huko kondoo hulishwa juu ya milima, katika upepo na mvua, wakatawanyika mbali mahali ambapo sauti ya mtu haifiki. Mchungaji mmoja mwenye mbwa mzuri aliweza kufanya kazi iliyowashinda watu wengi wasio na mbwa. Alimtuma mlimani. Mbwa alizunguka kwa mbali ili asiwashtue kondoo, akatokea nyuma yao, akainama, akawakazia macho, nao wakaanza kuteremka polepole. Lilikuwako neno la kumzungusha upande wa kushoto, na neno jingine la kumzungusha upande wa kulia. Palipokuwa mbali mno kwa maneno, mluzi ulitosha. Kazi hii ingali inafanywa vivyo hivyo hata leo.

Wajuzi wa tabia za wanyama huona katika mwendo huo mabaki ya uwindaji wa mbwa-mwitu wa nchi za baridi. Mbwa-mwitu humkazia macho mnyama, humnyatia, humfukuza, humkamata na kumwua. Katika mbwa wa kondoo yale matatu ya kwanza yamesalia, tena kwa nguvu, na yale mawili ya mwisho yamefifishwa kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Mbwa huyu ni mwindaji asiyefika mwisho wa mawindo yake. Ndiyo maana hachoki. Mwenye kula hushiba akalala, lakini yeye hakuwekewa shibe.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwaka wa 1873 yalifanyika huko Bala, katika nchi ya Wales, mashindano ya mbwa wa kondoo ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza yaliyoandikwa katika Kisiwa cha Uingereza. Mwaka wa 1893, katika jimbo la Northumberland, mfugaji aitwaye Adam Telfer alizaliwa mbwa ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Old Hemp. Mbwa huyo alikuwa mkimya. Aliongoza kondoo bila ya kubweka na bila ya kuwauma, na kondoo walimtii. Wachungaji wakatamani watoto wake, wakawapata wengi, hata damu yake ikaenea karibu katika mbwa wote wa mbegu hii walioko duniani leo. Mwaka wa 1906 kiliundwa chama cha kimataifa cha mbwa wa kondoo. Katika miaka yote hiyo jambo lililotazamwa kwanza lilikuwa kazi. Rangi ya manyoya na mkao wa masikio havikumshughulisha mchungaji, maana kondoo hawateremshwi mlimani kwa uzuri wa masikio.

Kwa hiyo mtu anayengoja mtoto wa mbwa huyu anangoja zaidi ya akili. Anangoja hamu ya kazi iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka 100 na kuingizwa ndani ya kiumbe kinachoenea katika viganja viwili. Hamu hiyo haiulizi kama mwenye nyumba ana kondoo au hana.

Mbwa huyo akiwekwa katika ua wa mji, akapewa chakula kizuri na kusahauliwa mchana kutwa, hujitafutia kundi. Watoto wakikimbia huwazunguka na kuwadonoa visigino, apate kuwakusanya pembeni. Baiskeli na motokaa huzifukuza, maana navyo ni vitu vinavyokwenda bila ya mchungaji. Akikosa hata hivyo, hukodolea macho kivuli ukutani au nuru inayochezacheza sakafuni, akainyatia saa nzima. Akiona mtu akifungua komeo la lango, siku si nyingi hulifungua mwenyewe. Kila moja ya ila hizi ni akili tupu, na ile akili iliyosifiwa na kungojwa ndiyo inayoleta mashtaka. Methali isemayo kuwa akili nyingi huondoa maarifa ilisemwa kwa ajili ya watu, lakini haikosi mahali hapa. Mbwa wa namna hii wamo daima miongoni mwa wale wanaorudishwa kwa wafugaji au kuachwa katika nyumba za hifadhi, na neno linalowafuata ni kuwa hawana adabu. Mnyama aliyeahidiwa mapenzi huyapoteza kwa sababu ya sifa ile ile iliyofanya apendwe.

Juu ya jambo hili desturi ya pwani ya Afrika Mashariki ina fundisho lake. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa pwani hiyo, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa hafugwi kwa pambo. Walakini madhehebu hayo hayo humruhusu mbwa wa kuwinda, mbwa wa kuchunga na mbwa wa kulinda. Mgeni aweza kuona ukali katika kanuni hiyo. Akiitazama kwa utulivu ataona pia kuwa mlangoni pake pamewekwa swali ambalo wapenzi wa mbwa katika nchi nyingine hulisahau: mbwa huyu ana kazi gani? Mchungaji wa Northumberland na mwanachuoni wa pwani hawakupata kukutana, lakini katika swali hilo wangesikilizana.

Si lazima kazi hiyo iwe ya kondoo. Katika mji wa Spartanburg, jimbo la South Carolina, Marekani, alikaa profesa wa elimu ya nafsi aitwaye John Pilley, aliyekuwa amestaafu katika chuo cha Wofford. Mwaka wa 2004, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alianza kumfundisha mtoto wa mbwa wa mbegu hii, jike, aliyeitwa Chaser. Kundi lake lilikuwa vitu vya kuchezea: wanyama wa kitambaa, mipira, na visahani vya kurusha. Kila kitu kilipewa jina lake, nalo lilirudiwa katika mchezo mpaka mbwa akalishika. Mzee huyo alifanya kazi hiyo saa 4 au 5 kila siku kwa muda wa miaka 3. Mwisho wake Chaser alijua majina ya vitu 1,022, na habari hizo zilichapishwa mwaka wa 2011 katika jarida la wataalamu. Alipotajiwa jina asilopata kulisikia, na mbele yake pakiwa na kitu kimoja kigeni kati ya vitu anavyovijua, alikichukua kile kigeni, kana kwamba amejisemea kuwa jina jipya haliwezi kuwa la kitu cha zamani.

Dunia ilistaajabia hesabu ya 1,022. Hesabu iliyostahili mastaajabu zaidi ni ile ya saa. Mbwa wenye akili kama ya Chaser huenda wako wengi, lakini mtu wa kukaa naye saa 4 kila siku kwa miaka 3 ni adimu. Akili ilitoka kwa mbwa, na nafasi ya kuionyesha ilitoka kwa mzee.

Hivyo, siku za kungoja si siku za bure. Mbwa huchukua mimba kwa siku 63 hivi. Mtoto huzaliwa kipofu na kiziwi, na macho yake hufumbuka baada ya wiki 2. Mfugaji mwema hamwachii atoke kwa mama yake kabla ya wiki 8, kwa sababu kwa mama na ndugu zake ndiko anakofunzwa jino liume kwa kiasi gani. Muda huo wamtosha mngojaji kuamkua nyumba yake na kuiuliza mambo. Watu wa nyumbani wapatane juu ya maneno, ili huyu asimwite mbwa kwa neno moja na yule kwa jingine. Saa za matembezi zijulikane ni za nani, siku ya mvua na siku ya ugonjwa. Wazazi wa mtoto huyo watazamwe walivyo, si kwa rangi yao, bali kwa utulivu wao mbele ya wageni. Na neno moja litengwe ambalo wachungaji hulithamini kuliko yote: neno la kumwambia mbwa kuwa kazi yatosha, aache, arudi. Mbwa asiyewekewa shibe hufundishwa kukoma, naye akikoma hulala miguuni pa mtu akiwa ametua.

Liko jambo la mwisho la kufikiriwa kabla ya mtoto huyo kupakatwa. Mbwa wa mbegu hii huishi miaka 12 hata 15. John Pilley alifariki mwaka wa 2018, na Chaser akabaki na jamaa zake hata mwaka wa 2019. Mzee yule alipompokea, alipokea kiumbe ambacho kingeweza kumzidi kwa siku, na kikamzidi. Anayengoja mbwa hana budi kujua nani atamwita mbwa huyo jina lake ikiwa sauti yake yeye itanyamaza.

Aliyejibu maswali haya na afurahi, ahesabu siku zake bila ya hofu. Aliyeyajibu akaona hana saa wala mahali, akamwacha mtoto yule aende kwa mwingine, naye amempenda mbwa. Pengine amempenda kuliko wengi waliomchukua.