Chukudu yetu iliyolala nje



Ndani ya wiki mbili hizi, katika avenyu moja tu ya mtaa wetu, chukudu mbili zimeibiwa usiku na mkokoteni mmoja umetolewa magurudumu. Kwenye mkutano wa Jumamosi wamama wengi waliuliza: tufanye nini? Mama prezida akasema sisi walimu tuandike, kwa kuwa chukudu ya kikundi chetu iliibiwa mwaka wa 2021 na tunajua namna mambo yalivyopita. Tulikubali. Lakini tunawaambia mapema kwamba sehemu moja ya habari hii inatuaibisha, na hatutaiacha nje.

Hapa Goma hakuna haja ya kueleza chukudu ni nini. Hata sanamu yake imesimama kwenye mzunguko wa barabara, rangi ya dhahabu. Ni mbao za mikaratusi, magurudumu mawili ya mti yaliyovishwa mpira wa tairi la zamani, na kijana mwenye goti moja juu ya ubao. Kabichi na viazi vya Kibumba, makala, mbao, maji, vyote vimepita juu yake. Yetu tuliinunua kwa likelemba. Tulikuwa wamama 18, kila mmoja akatoa dola 5, tukapata dola 90, tukamlipa seremala. Kijana aliyeisukuma alituletea franka 3 000 kila jioni, siku sita kwa wiki. Kilichobaki kilikuwa chake. Katika shule ya msingi elimu ni ya bure tangu 2019, lakini kwa sekondari bado mzazi analipa, na daftari na yunifomu hazianguki toka mbinguni. Hizo franka 3 000 zilikuwa na kazi.

Tena haikuwa mambo ya pesa peke yake. Mnakumbuka volkano ilivyolipuka Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021, na namna tarehe 27 tulivyoamriwa kuhama mitaa kumi ya mji. Tulienda Sake kwa miguu, karibu kilomita 25, katikati ya watu wasiohesabika. Magodoro, sufuria, unga, na watoto wadogo wanne waliochoka vilikuwa juu ya chukudu yetu. Kijana alisukuma tangu asubuhi mpaka usiku na hakuomba hata franka moja. Alikuwa mtoto wa mama mmoja wa kikundi aliyefariki, akilelewa na bibi yake. Sisi tulimfundisha darasa la tano.

Mwezi wa kumi mwaka uleule, chukudu iliibiwa.

Ilikuwa inalala nje, kando ya mlango wa ua wa mama mmoja. Mlango ulikuwa mwembamba, na mbele yake kulikuwa ngazi ya mawe ya volkano, basi kuiingiza ndani kila jioni ilikuwa shida. Tukasema: nani asiyeijua chukudu ya wamama? Tukanunua mnyororo na kufuli kubwa, tukaifunga kwenye nguzo ya uzio. Tukalala usingizi.

Usiku wa Jumapili mvua ilinyesha na umeme haukuwepo. Asubuhi tulikuta kufuli limefungwa vizuri kabisa. Mnyororo ulikuwa mzima, nguzo ilikuwa mahali pake. Ndani ya mnyororo kulikuwa usukani peke yake, ule mti wa kushikia mikono. Tulikuwa tumefunga usukani! Mwizi alifungua bolti moja, akauchomoa usukani, akatuachia, akaenda na chukudu. Wapita njia walicheka. Sisi hatukucheka.

Sasa tunafika mahali pa aibu. Saa mbili asubuhi tulikuwa wamama wanane mbele ya ule uzio, na mmoja wetu akauliza: ni nani mwingine anayejua kufungua usukani ule? Mwingine akakumbuka kwamba Alhamisi kijana alikuwa ameomba kukopa dola 10, na tulimkatalia. Hakuna aliyesema «ni yeye». Lakini maneno hayo mawili, yakiwekwa pamoja mbele ya watu, yalitosha. Mtoto mmoja alitumwa kumwita. Alipofika, vijana wa avenyu walikuwa wamekwisha kusanyika. Walimzunguka. Mmoja alishika jiwe. Mwingine tulimwona akivingirisha tairi la zamani kutoka nyuma ya gereji, na kila mtu wa mji huu anajua tairi hilo huletwa kwa kazi gani.

Bibi yake ndiye aliyeingia katikati. Hakupiga kelele. Alimkumbatia kiunoni, akafunga kitenge chake kuwazunguka wote wawili, akasema: «Mutuunguze wawili.» Vijana wakasita. Nyumba kumi wetu akafika mbio, akawatia wote wawili nyumbani mwake, akafunga mlango.

Na sisi? Sisi tuliokuwa tumekaa Sake tukila chakula alichotubebea, sisi tuliomfundisha kusoma, tulisimama kimya. Tuna diploma ya ualimu, tumesoma namna ya kumsikiliza mtoto kabla ya kumhukumu, na siku ile midomo yetu ilikufa. Tumejiuliza mara nyingi kwa nini. Hasira ya dola 90, hofu ya wale vijana, na tena wazo baya ndani ya moyo: pengine ni yeye kweli. Bibi asingekuwepo, leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Kijana alihama, akaenda kukaa kwa shangazi yake upande wa Ndosho. Bibi hakuja tena kwenye mikutano.

Wiki tatu zikapita. Siku moja nyumba kumi akatuita. Kijana alikuwa ametuma ujumbe kwa simu ya shangazi: chukudu yenu iko hapa, mtu anapakia mbao nayo, njooni na shefu wa avenyu, musije na vijana. Tulienda watatu. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani na kupewa usukani mpya. Mwenye kuishika alikuwa mtu wa makamo, mtulivu. Alisema aliinunua kwa dola 40 kutoka kwa mtu asiyemjua. Akatuuliza: «Karatasi yenu iko wapi?»

Hatukuwa na karatasi. Seremala hakutuandikia kitu, na sisi hatukumwomba. Hatukuwa na picha wala alama. Tulikuwa wamama watatu tunaosema «ni yetu», na yeye mtu mmoja anayesema «nimenunua». Shefu wa avenyu alitutazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuja kwenye mtihani bila kalamu.

Hapo kijana akasema: pindueni. Chini ya ubao, alisema, kuna ufa niliouziba kwa bati la kopo la maziwa, misumari saba, mmoja umepinda. Wakapindua. Bati lilikuwepo. Misumari ilihesabiwa mbele ya watu: saba, na mmoja umepinda. Yule mtu alinyamaza, kisha akasema chukudu ni yenu, lakini mimi pia nimepoteza. Tulikubaliana kumpa dola 20, tukaandikiana. Mwizi hatukumjua mpaka leo.

Kabla ya kuchukua chukudu tulimwomba kijana msamaha palepale. Alisema: «Nimesikia, mwalimu.» Hakusema zaidi, na hatukuwa na haki ya kumdai zaidi.

Tangu siku ile tumebadilisha namna ya kulaza chukudu. Tunawaeleza moja kwa moja, na mambo haya ni yaleyale kwa mkokoteni, kwa rimoki ndogo ya kuvutwa na gari, kwa kila kitu chenye magurudumu kinachosimama usiku bila mtu juu yake.

Kwanza, ilale ndani. Tulimlipa mwashi kazi ya siku moja. Aliondoa mawe, akapanua mlango, akaweka mteremko mdogo pale palipokuwa ngazi. Bei ya kazi hiyo ilikuwa chini ya zile dola 20 tulizompa mtu wa Ndosho. Tungeifanya tangu mwanzo.

Pili, angalieni munafunga nini na munafunga wapi. Gurudumu la chukudu ni mti mzima, halina tundu la kupitisha mnyororo kama baiskeli. Basi mnyororo upite kwenye kiunzi chenyewe, pale mbao zinapokutana, mahali ambapo mtu hawezi kuuchomoa bila kuvunja chukudu yote. Jiulizeni: nikitoa bolti moja au mbili, mnyororo utabaki na nini? Upande wa pili, msifunge kwenye mti mkavu wa uzio unaong'oka kwa mkono. Sisi tulitia pete ya chuma kwenye ukuta wa mawe ya volkano, kwa saruji, tukaiacha ikauke siku kadhaa kabla ya kuitumia. Mnyororo uwe mfupi, usiguse chini, kwa maana mnyororo unaolala chini mwizi anauweka juu ya jiwe na kuupiga nyundo. Kufuli litazame chini ili mvua isiingie, na lipewe mafuta kidogo kila mwezi.

Tatu, chukudu isiweze kutembea. Kila jioni kijana anafungua gurudumu la mbele na linalala chini ya kitanda. Ni dakika chache. Chukudu bila gurudumu inataka watu wawili au watatu kuibeba, na watu watatu wenye mzigo mzito usiku wanaonekana.

Nne, alama na karatasi. Tulichoma herufi za kikundi kwa chuma cha moto mahali pawili: moja ubavuni ambapo kila mtu anaona, nyingine chini, ambapo rangi haifiki. Tulipiga picha juu, chini na ubavuni, na picha ziko ndani ya simu tatu mbalimbali. Kisha tulirudi kwa seremala, akatuandikia karatasi: ameuza nini, kwa nani, tarehe gani, bei gani. Shefu wa avenyu akatia saini. Chukudu haina plaki wala namba ya injini. Karatasi hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Tano, daftari. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila jioni tunaandika saa iliyorudi na nani ameipokea, kila asubuhi saa iliyotoka na nani ameichukua, saini mbili. Ni kama kuita majina darasani. Mwanzoni wamama wengine waliona ni kumshuku kijana. Ni kinyume. Asubuhi ile kama daftari lingekuwepo, lingeonyesha kwamba Jumapili jioni kijana alirudisha chukudu saa kumi na mbili na mama fulani akaipokea na kuifunga kwa mkono wake. Saini ya kijana ingemkinga.

Sita, sokoni au kando ya barabara, msiiache peke yake hata kwa «dakika moja». Anayeingia kununua amwachie mtu mmoja anayejulikana kwa jina, amwambie waziwazi: ninakuachia wewe. Ukiwaachia watu wote, hakuna anayetazama.

La mwisho halihusu mnyororo. Kitu kikipotea, tusiite mtu mbele ya umati. Twende kwanza kwa nyumba kumi au kwa shefu wa avenyu, wamama wawili au watatu, kwa sauti ya chini. Tutazame mnyororo, kufuli, alama za miguu, daftari. Tuwaondoe vijana na watoto mahali pale. Na kama tairi limekwisha kuletwa, mama mmoja aingie katikati, na wengine wamfuate upesi, asibaki peke yake kama bibi yule. Chukudu tuliweza kuitafuta na kuipata kwa dola 20.

Kijana alikataa kurudi kazini kwa muda wa miezi miwili. Tulienda kwa bibi mara tatu, mara ya kwanza hakufungua. Mwishoni alirudi na sharti moja: ufunguo wa kufuli ukae kwake, nyumbani kwa bibi. Wamama wengine walinung'unika. Tulipiga kura, sharti likapita. Ufunguo uko kule mpaka leo, umetundikwa kwenye msumari karibu na kitanda cha bibi.

Jumamosi hii, saa nane, kwenye darasa la tano, tutasaidia kila mama mwenye chukudu, mkokoteni au rimoki kuandika karatasi yake. Njooni na simu yenye picha na, kama inawezekana, na aliyewauzia. Anayesukuma chombo chenu aje pia, na jina lake litaandikwa.