Mtoto wa Mama wa Vilio



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo tunajaza fishi: jina, mahali pa kuzaliwa, kazi ya baba, kazi ya mama. Ni pale kwenye kazi ya mama ndipo bic nyingi zinasimama. Mwenye mama mwalimu ao muuguzi anaandika mbio mbio. Lakini kuna ambaye mama yake anauza makala, ao anachoma mandazi mbele ya nyumba. Huyo anaangalia kwanza kama jirani hamwoni, halafu anaandika: «Hana kazi». Juu ya neno hilo tunataka kusema kidogo, na tutapitia kwa mtu anayejulikana katika inchi yetu yote: Papa Wemba.

Ee, tunajua. Wengine watauliza: gazeti la shule ya Kiprotestanti, na mwimbaji wa bar, wapi na wapi? Hatumfanyi mtakatifu. Mwaka 2003 alikamatwa kule Ufaransa juu ya mambo ya visa, na mwaka 2004 tribinali ikamhukumu. Hatuandiki pia juu ya mavazi yake ya bei kali. Tunaandika juu ya mwanzo wake tu, kwa sababu ndani ya mwanzo ule kuna fundisho kwetu sisi.

Jina lake kamili ni Shungu Wembadio Pene Kikumba. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 kule Lubefu, katika Sankuru, na alikomea Kinshasa. Baba yake alikuwa askari. Na mama? Mama alikuwa analia kwenye matanga. Si kulia kwa jamaa yake tu, hapana. Ilikuwa kazi yake. Watu wakifiwa wanamwita, naye anakuja kuinua sauti ili wengine wapate njia ya kutoa huzuni yao. Mtoto alikuwa anamfuata kwenye vilio, anasikiliza. Alipokuwa mtu mkubwa alisema wazi kwamba mwalimu wake wa kwanza wa kuimba ni mama yake.

Tufikiri kidogo. Kama angejaza fishi, angeandika nini? «Mama yangu analia»? Darasa lote lingecheka. Lakini tufungue Biblia, Yeremia sura ya 9, kuanzia mstari wa 17. Mungu mwenyewe anaagiza waitwe wanawake wenye ujuzi wa kuomboleza, tena mbele kidogo wanaambiwa wawafundishe binti zao. Kumbe ni ujuzi! Unafundishwa, unarithiwa, kama vile fundi wa mbao anavyomwachia mtoto randa na musumeno. Na sisi wa Bunia hatuhitaji maelezo marefu. Tangu vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999, vilio tumeviona vingi kupita kiasi. Tunawajua mama wanaoanzisha wimbo saa nane ya usiku, wakati kwaya imechoka na mwenye kufiwa hana nguvu tena. Hakuna anayewalipa mshahara. Lakini wakikosa, matanga inakuwa baridi.

Basi sauti ile ya vilio ilifika wapi? Mwisho wa mwaka 1969, vijana wa Kinshasa walianzisha orkestra Zaiko Langa Langa. Wemba alikuwa mmoja wao, umri wake miaka 20. Hawakutumia matarumbeta kama orkestra za wakubwa. Walitegemea magitaa, ngoma na sauti. Pale ndipo sauti yake nyembamba na ya juu ilipata nafasi. Mwaka 1974 akatoka na wenzake kuunda Isifi Lokole, kisha Yoka Lokole, na mwaka 1977 akaanzisha orkestra yake mwenyewe, Viva la Musica. Tuhesabu: kutoka 1969 mpaka 1977 ni miaka minane ya kuanza na kuanza tena.

Halafu ikaja sinema. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, walitengeneza filamu «La Vie est belle», iliyotoka mwaka 1987. Papa Wemba anacheza Kourou, kijana maskini mwenye kupenda muziki anayeacha kijiji na kwenda Kinshasa. Anafanya kazi ya boi katika nyumba ya tajiri, na kidogo kidogo anatafuta njia ya kuimba. Hakuwa na baba katika sinema wala mjomba wa kumfungulia mlango. Sauti aliyokuja nayo ilikuwa ya nyumbani.

Mwenzetu mmoja alibisha: «Afadhali kuzaliwa katika jamaa yenye jina, mambo yanakuwa mepesi.» Si vile kabisa. Wanaopenda sinema za Kihindi wamsikie Suriya, mwigizaji wa filamu za Kitamil. Baba yake, Sivakumar, ni mwigizaji mwenye sifa. Lakini kijana alianza katika fabrike ya nguo, bila kutangaza yeye ni mtoto wa nani. Filamu yake ya kwanza, «Nerukku Ner», ilitoka mwaka 1997, na alipata taabu: kucheza dansi hajui, kujiamini hakuna. Mwigizaji Raghuvaran, mkubwa wake, alimshauri ajitafutie jina lake mwenyewe, asikae katika kivuli cha baba. Ni miaka michache nyuma, kwa filamu «Nandha» ya mwaka 2001, ndipo watu walianza kumheshimu kwa kazi yake.

Hivi, mmoja alikuwa na jina kubwa la mzazi, mwingine alikuwa na mama wa vilio. Wote wawili walipaswa kutoka jasho. Jina la mzazi halifanyi kazi kwa nafasi yako, na kazi ndogo ya mzazi haikuzuii. Timoteo naye alipokea imani iliyokaa kwanza ndani ya nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Lakini Paulo alimwandikia aichochee karama yake kama moto, asiiache ilale.

Papa Wemba alianguka jukwaani kule Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akafa na umri wa miaka 66. Inchi nzima ikafanya kilio.

Ndugu zetu, mama anayeuza makala anajua hesabu, anajua kukopesha bila kugombana, anajua kuamka kabla ya jogoo. Likizo inakaribia. Tukifika nyumbani, tukae karibu naye siku moja nzima, tumuulize anafanya namna gani, tusikilize vizuri.