Jiwe la kunoa limepanda mezani

Kila mtu anayetaja Wagenia anataja samaki. Ni haki yake: kwenye poromoko la mwisho la Boyoma, hapa Kisangani, miti mikubwa imesimamishwa ndani ya matundu ya mawe, imefungwa kwa kamba za pori, na mitego inaning'inia katika maji makali. Wageni wanakuja kupiga picha. Lakini nani anajiuliza ile miti inakatwa na nini, na kile chuma kinanolewa namna gani? Waenya ni watu wa mti pia. Bila mti hakuna mtego, hakuna pirogi. Ndiyo sababu tunasema kunoa ni mila, hata kama hakuna mtu anayekupigia picha.

Zamani shoka na panga vilinolewa juu ya jiwe lenye maji, na mtoto alikaa karibu akiangalia namna mkono unavyolaza chuma. Leo mbao za nyumba zetu zinapasuliwa porini, upande wa Buta, wa Ituri ao wa Lubutu, kwa tronsoneze, ule msumeno wa mota. Meno ya mnyororo wake yananolewa kwa tupa ao kwa mashini ya umeme yenye jiwe la duara. Wazee wengine wanasema mashini inaharibu vijana. Sisi tunaona inaharibu mnyororo tu, pale inapotengenezwa na mtu asiyejua tupa.

Juu ya nini? Kwanza inafungwa kwa bulo kwenye meza nzito, mbali na benzini. Jiwe jipya linagongwa kidogo kwa mpini wa mti, kama vile mama sokoni anavyogonga chungu mbele ya kulipa. Likilia vizuri, ni zima. Likiwa na sauti iliyokufa, lina ufa, na jiwe lenye ufa linaweza kumpasukia mtu usoni. Miwani, bana, si mapambo!

Kisha pembe. Wengi wanaweka digrii 30 kwa kuwa ndivyo walivyokuta. Iko sawa kwa kukata gogo vipande. Lakini wapasuaji wetu wanafuata urefu wa mti, na kwa kazi hiyo digrii 10 hivi inafaa zaidi: inakwenda polepole, lakini ubao unatoka laini. Mnoaji asiyeuliza mnyororo unakwenda kufanya kazi gani hajaanza kazi yake.

Neno kubwa ni urefu wa meno. Anatafuta jino lililo fupi kuliko yote, anaweka kizuizi cha mashini kwa kipimo chake, na mengine yote yanashushwa kulifuata. Akimaliza upande mmoja, anageuza pembe kwa upande wa pili na kupima tena, sababu mara nyingi pande mbili hazilingani. Zisipolingana, msumeno unavuta upande mmoja, ubao unatoka na tumbo, na mti uliokua miaka mingi unageuka kuni. Mwenye tupa anasikia kasoro hiyo mkononi. Mwenye mashini anaiona tu kama amefundishwa kuitafuta.

Halafu haraka. Umeme ukirudi usiku, watu wako mlangoni na minyororo begani, na kijana anakandamiza jiwe. Jino linageuka buluu. Limeungua, kesho porini tupa itateleza juu yake. Jiwe linapaswa kugusa na kuondoka, kugusa na kuondoka, ni ule mwendo wa mkono juu ya jiwe la maji.

Mwisho ni kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Kwenye minyororo mingi kinashushwa kwa tupa hadi kiwe chini ya jino kwa milimita 0,65 hivi. Ukizidisha, msumeno unaruka mikononi. Kisha mnyororo unasafishwa vumbi la jiwe na kulazwa ndani ya mafuta mpaka asubuhi.