Tumbo la chini

Ukifanya kazi na vijana Bujumbura, kuna maswali unayoyazoea. Karatasi inapatikana wapi, shule gani inapokea mtu asiye na diplome, eti Kanada bado wanachukua watu? Lakini swali ninaloulizwa kuliko hayo yote, na karibu wote wanaouliza ni wavulana wa kati ya miaka 15 na 22, ni hili: "Mukubwa, hii tumbo ya chini, nifanye nini ionekane?"

Hawaulizi tumbo zima. Yale masanduku ya juu ya kitovu wengi wanayo tayari, maana ni vijana wembamba. Shida iko chini ya kitovu, kuelekea mkanda wa suruali. Wananionyesha picha kwenye simu, mara nyingi ni Cristiano Ronaldo amevua jezi, wanaweka kidole kwenye ile mistari miwili inayoshuka kama herufi V. Wanataka hiyo.

Najua wakubwa watacheka. Na wewe mfanyakazi wa shirika unayesoma hapa, pengine unasema: watu wamekimbia vita, huyu anatuandikia habari za sikspeki? Ndiyo. Kijana hakuacha kuwa kijana siku aliyovuka Rusizi.

Halafu Bujumbura yenyewe ni mji wa michezo. Mwisho wa juma unasikia makundi yanakimbia, yanaimba, yanapiga makofi, wengine wanapanda mpaka Kiriri huko juu na kurudi. Wazee wanasema wakati wa vita iliyoanza mwaka 1993 kukimbia kwa kundi kulikuwa pia ni usalama. Mwezi wa tatu mwaka 2014, baada ya polisi na wapinzani kugongana, serikali ilikataza kukimbia kwa makundi barabarani, watu wakaambiwa waende kwenye viwanja vilivyopangwa. Kukimbia tu, jamani, kukawa siasa! Na kule Kamenge kuna kituo cha vijana ambacho mapadre Waxaveri walikianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu na Watutsi, wacheze pamoja. Mwaka 2002 kilipata tuzo ya Right Livelihood. Kwa hiyo mtu asiniambie michezo ni jambo dogo hapa.

Kwetu Buyenzi, mtaa wa mafundi wa magari, vyuma vya mazoezi vinatoka gereji. Gia ya lori ukiipitisha kwenye bomba, hiyo tayari ni chuma cha kunyanyua. Wengine wanamimina sementi kwenye makopo mawili ya maziwa, wanaweka fimbo katikati. Hakuna anayelipa kiingilio. Unafika, unasalimia, unangoja zamu yako.

Sasa tuongee tumbo.

Msuli wa mbele wa tumbo ni mrefu, unaanzia kwenye mbavu na unashuka mpaka kwenye mfupa wa kinena. Wa juu na wa chini ni msuli huohuo mmoja. Masanduku yanatokea kwa sababu kuna mishipi inayoukata msuli huo kwa upana, na mtu anazaliwa na idadi yake. Mwenye manne hawezi kuyafanya nane hata akifa. Chini ya kitovu watu wengi hawana mshipi hata mmoja, ndiyo maana hapo hata mabingwa wako bapa. Ile V inatoka kwenye misuli ya pembeni na mahali inaposhikana na nyonga, na inaonekana pale tu ambapo mafuta chini ya ngozi ni kidogo sana. Kwa wanaume wengi mafuta ya tumbo la chini ni kati ya yale yanayochelewa kabisa kuondoka.

Basi vijana wanapiga abdo. Mia mbili asubuhi, mia mbili jioni, mgongo kwenye simiti. Nawaambia habari ya mwaka 1984 huko Marekani: watafiti waliwachukua wanaume, wakawafanyisha abdo 5,004 kwa siku 27. Walipopima chembe za mafuta, za tumboni zilikuwa zimepungua sawasawa na za mgongoni na za matakoni. Abdo elfu tano! Mwili hauchagui kuchoma mafuta ya pale unapoumia. Unachukua popote, kwa mpango wake. Nikisema hivyo wananiangalia kama nimewaibia kitu.

Wengine wana akili, wanauliza: kama siyo abdo, basi ni chakula? Ni chakula. Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Video zote wanazoangalia zinasema kitu kimoja: ili tumbo la chini lionekane, punguza kalori 500 kila siku. Kwa mtu anayekula mara nne na kunywa soda juu yake, ni shauri zuri. Lakini kipimo ambacho mashirika yanatumia kwa mkimbizi ni kalori 2,100 kwa siku. Mwaka 2025, watu zaidi ya 70,000 walipovuka kutoka Kongo, wengine wakalala kwenye kiwanja cha mpira cha Rugombo, wengine wakapelekwa Musenyi, PAM ilishusha mgao kutoka asilimia 75 mpaka 50. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Nusu ya 2,100 ni 1,050. Kijana wa miaka 17 anayekimbia na kucheza mpira anahitaji zaidi ya 2,500. Sasa hizo 500 za kupunguza azitoe wapi? Na sisi wa mjini, ambao hatupewi mgao wa kila mwezi kama ninyi wa kambini, tunakula kulingana na kile mama alichouza siku hiyo.

Mwili usiopata chakula hauli mafuta peke yake, unakula na nyama yake. Msuli unaoutafuta ndio huohuo unaochomwa jikoni usiku.

Kuna kijana mmoja kwenye kundi letu, amekubali niandike bila jina. Alifika mwaka 2025 kutoka upande wa Uvira, yeye, mama yake na wadogo watatu. Alikuwa na daftari. Ameandika kila kitu: abdo ngapi, amekimbia dakika ngapi, siku gani hakula. Siku za kutokula zilikuwa na alama ya nyota, kama vile mwalimu anavyompa mtoto aliyefanya vizuri. Asubuhi anakunywa maji moto na ndimu. Akikimbia anajifunga tumboni nailoni ile inayofunika godoro jipya, ili atoke jasho. Na mnajua joto la Bujumbura. Jioni moja tulipokuwa tunapanda kuelekea Kiriri alikaa chini ghafla, midomo myeupe, mikono inatetemeka. Tulimpa maji na ndizi mbili. Ile nailoni ilikuwa imemshika ngozi, tuliitoa polepole.

Nailoni inatoa maji, haitoi mafuta. Ukinywa vikombe viwili uzito umerudi palepale, ila moyo umeshafanya kazi ya bure. Nilimweleza hivyo, akaitika. Lakini kuitika siyo kukubali, nikamuuliza sababu. Alinyamaza sana. Halafu akasema: "Kwenye foto sitaki nionekane mutu wa mgao." Wanafunzi aliosoma nao, wengine wako Nairobi, wengine Kampala, wanatumiana picha. Yeye hana viatu vya kuonyesha wala nyumba. Ana mwili.

Sikuwa na jibu la haraka la kumpa. Nilimsindikiza nyumbani. Mama yake alipomwona alimvuta shati juu, akamwangalia mbele yangu, akasema: "Unaona mbavu, unasema ni misuli." Halafu akaniambia mimi: "Weye ndiye mukubwa yao, angalia watoto."

Tangu siku hiyo nafikiria sana juu ya tumbo. Kwa wazazi wetu kitambi kilikuwa heshima. Mume akianza kutoa tumbo, mama anasifiwa kwamba anamlisha. Mkubwa wa kazi alijulikana kwa tumbo lake kabla hajafungua mdomo. Huko kwa matajiri sasa ni kinyume, tumbo bapa ndilo ghali, maana linasema: nilikuwa na chakula, nikachagua. Kwetu tumbo bapa halisemi chochote. Linaweza kuwa la bingwa na linaweza kuwa la mtu aliyelala njaa, na kwenye picha zote mbili zinafanana. Na tumbo kubwa nalo linadanganya: mtoto wa kwashiorkor ana tumbo lililojaa, na chakula hana.

Wahudumu wa afya wana ule mkanda wa rangi tatu wa kupima mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, anapelekwa kutibiwa haraka. Ni kazi nzuri sana, sina neno. Lakini huyu wa miaka 17 mwenye daftari la nyota, nani anampima? Kwenye orodha ameandikwa mvulana mwenye afya, anacheza mpira.

Wasichana nao wanauliza, ila kwa sauti ya chini. Kwao naongeza jambo moja: ukipunguza chakula mpaka siku zako zikasimama, mwili umekuambia acha. Na mama aliyezaa karibuni, ambaye misuli ya katikati imeachana, abdo za haraka haziwezi kumsaidia, zinaweza kumwongezea shida. Aongee na mkunga kwanza.

Mnataka mazoezi, haya. Ninayofundisha ni machache. Lala chali, kiuno kimegandamana na ardhi, inua miguu yote miwili, ishushe polepole kuliko ulivyoipandisha. Kiuno kikiachia ardhi, simama hapo, usijidanganye. Ning'inia kwenye chuma, vuta magoti kuelekea kifuani huku unakunja nyonga, bila kubembea kama mtoto. Kaa kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu. Beba bidoni ya lita 20 mkono mmoja, tembea wima mita hamsini, badilisha mkono: hiyo misuli ya pembeni utaisikia kesho. Mama zetu wamefanya zoezi hilo maisha yao yote bila kuliita zoezi. Mara tatu kwa juma inatosha. Tumbo ni msuli kama mingine, linahitaji kupumzika.

Chakula: kula ulichonacho, usiruke. Maharage makavu gramu 100 yana protini karibu gramu 21, kijiko kimoja cha ule unga wa kopo wanaouza kina kiasi hichohicho. Kwa hiyo usiuze mafuta ya mgao ukanunue unga wa kopo, tafadhali. Kijiko kikubwa cha mafuta ni karibu kalori 120, na kwa mtu aliyepungukiwa mafuta siyo adui. Ndagala waliokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hata konzi moja kwenye lengalenga inabadilisha sahani. Ugali wa muhogo unatia nguvu lakini protini hauna, usiule peke yake kama unaweza kupata hata karanga. Ukifanya hivi utapata nguvu, mabega yatajaa. Tumbo la chini linaweza lisionekane. Nawaambia wazi kabla hatujaanza, na wawili waliondoka kwa sababu hiyo.

Kwa watu wa mashirika nina ombi. Kuna shirika moja lilituletea jezi 22 na mipira, tukashukuru, tukapiga picha. Siku ile ya mechi niliwauliza vijana wangapi wamekula tangu asubuhi. Walioinua mkono walikuwa sita. Mnapoandika mradi wa michezo kwa vijana, wekeni na sufuria ndani ya bajeti. Siyo soda baada ya mechi. Uji, kabla au baada, wenye karanga au soya.

Sisi tumeanza kidogo kidogo. Kila mmoja anachanga alichonacho, mama mmoja jirani na kiwanja anatupikia, na vijana wanamchotea maji. Yule wa daftari bado anaandika. Nyota sasa anaiweka siku aliyokula mara mbili, hilo alilianzisha mwenyewe, na V yake bado anaitafuta kwenye kioo. Mwezi huu mkaa umepanda bei, kwa hiyo uji ni Alhamisi tu. Jumanne tunafanya ubao na kujinyoosha, hatukimbii.