Tuliwapeleka watoto kuona tembo



Wengi mmetuuliza namna safari yetu ya kuona wanyama ilivyokwenda. Tuliondoka Butembo wamama sita na watoto tisa, kwa pesa tulizoweka katika likelemba kwa miezi sita. Hatukutaka kuwa njiani usiku. Kwa hiyo Ijumaa tulipita Beni, tukashuka zile kilometa 80 za kwenda Kasindi, tukalala Lubiriha kwa dada yetu mmoja.

Barabara ilipokaribia mto Semliki, watoto walinyamaza. Wanajua pale ni pori la Virunga. Mama mmoja kati yetu alikimbia kijiji chake kando ya pori hilo, na alifunga pazia la dirisha mpaka tukavuka daraja. Kwa watoto wake, porini ndiko wanakotoka watu wenye mapanga. Hawajasikia habari nyingine juu yake.

Jumamosi alfajiri tulinawa mikono, tukaonyesha makaratasi, tukavuka kwa miguu mpaka Mpondwe. Upande wa pili tulikodi gari la shofere anayeijua njia. Alizungumza Kikonzo, sisi Kinande, na tukaelewana kama ndugu. Huko magari hupita kushoto. Watoto walipiga kelele kila lori lilipotujia, wakidhani tutagongana!

Kutoka Bwera lami inakwenda mpaka Kikorongo, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Barabara kuu inakata mbuga katikati, hivyo mtu anawaona wanyama akiwa ameketi garini. Hatukuiacha barabara hiyo, na hatukulipa kiingilio. Anayetaka kuingia ndani kutafuta simba, huyo atalipa. Hapo Kikorongo pia unapita mstari wa ikweta, ule ule unaopita kusini kidogo ya Butembo kwetu. Watoto waliruka huku na huku mpaka wakachoka.

Mbele kidogo shofere akasimama, akatuomba tusiseme kitu. Tembo saba walitaka kuvuka lami. Wakubwa wakapita, lakini mtoto wao akagoma ukingoni. Mama yake akarudi, akamsukuma taratibu kwa mkonga mpaka akakubali. Tulicheka kwa kujizuia. Mmoja wetu akanong'ona, "Ndivyo ninavyofanya na huyu wangu kila tukifika mto Kimemi." Yule mama wa pazia alikuwa amebandika uso kwenye kioo.

Katika daraja la Katunguru tuliona viboko ndani ya maji, na nyati wamelala matopeni. Mtoto wa miaka saba akauliza, "Mbona kwetu hawapo?"

Tukamwambia kwetu wapo. Maji yale yanaingia ziwa Edward, ziwa lile lile tunalopata samaki wa Kyavinyonge. Ng'ambo ni Virunga yetu, mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima, tangu mwaka 1925. Miaka ya 1970 ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Vita na uwindaji vikawamaliza mpaka wakabaki chini ya elfu moja. Lakini mwaka 2020 tembo kwa mamia walivuka kutoka Uganda, wakaingia Virunga. Wao hawaombwi lese-pase.

"Kumbe na wao walikimbia vita?" mtoto akauliza.

Sisi tulikuwa bado tunatafuta jibu. Mama wa pazia ndiye aliyejibu: "Ndiyo. Na sasa wanarudi kwao."

Kesho yake, tulipofika tena Semliki, mwanawe aliomba pazia lifunguliwe ili atafute tembo. Mama alifungua kidogo, upana wa mkono. Hatukuona tembo. Lakini mtoto alitazama pori lile mpaka likaisha.

Kwa wamama watakaofuata, tunashauri haya. Ulizeni kwanza habari za usalama wa barabara, na zikiwa mbaya, ahirisheni; wanyama watangoja. Kila mtoto awe na karatasi zake, na asiyesafiri na mzazi wake abebe ruhusa iliyoandikwa. Upande wa Uganda saa inatangulia kwa saa moja, hivyo rudini mapema msije mkakuta mpaka umefungwa. Mbugani msishuke ovyo, msipige honi, na msiwatupie nyani chakula, maana watakuja kukidai dirishani.

Likelemba ya safari ya pili inaanza wiki ijayo. Mwenye kutaka kujiunga aje na daftari lake kwenye mkutano.